NCHI JIRANI: Ujira wa jembe unasaidia lini?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

DADA: Leo tunazungumzia ajira za muda: serikali inawaita wanakijiji kuchimba mitaro, kutengeneza barabara au kupanda miti, na kuwalipa kwa siku. Je, kaya maskini inabaki na nini?

KAKA: Tuanze Ethiopia. Tangu mwaka 2005 nchi hiyo ina mpango mkubwa kwa kaya za vijijini zinazopungukiwa chakula kila mwaka. Wenye nguvu hujenga matuta ya kuzuia mmomonyoko, mabwawa na barabara. Wazee na wenye ulemavu wasio na mtu wa kuwafanyia kazi hulipwa bila kushika jembe.

DADA: Na faida yake?

KAKA: Si utajiri, dada. Ni kwamba chakula kikiisha ghalani, kaya hailazimiki kuuza mbuzi au ng'ombe wa kulimia kwa bei ya hasara. Mvua ikirudi, wana cha kuanzia.

DADA: Lakini wapo waliofanya kazi na bado wakalala njaa.

KAKA: Kweli. Mwaka 2008 bei ya vyakula ilipopanda, Waethiopia waliolipwa pesa waliona ujira uleule unanunua nafaka kidogo. Wengi wakaona afadhali walipwe chakula. Malawi nako, mpango kama huo ulikusudia watu wapate pesa ya mbolea wakati wa kupanda. Watafiti waliofuatilia kaya hizo mwaka 2012 na 2013 hawakuona chakula kikiongezeka nyumbani, wala mbolea shambani. Siku za kazi zilikuwa chache na ujira mdogo.

DADA: Na malipo yakichelewa?

KAKA: Hapo mama anakopa unga dukani. Pesa ikifika inaishia kwa mwenye duka. Hata wakati wa kazi una uzito: mtu akiitwa barabarani siku za kupalilia, shamba lake linaliwa na magugu. Ndiyo maana Tanzania, chini ya TASAF, kazi zilipangwa siku 60 kwa mwaka kwa kila kaya, katika miezi ambayo shamba halidai mikono mingi.

DADA: Basi, wasikilizaji, mradi wa kazi ukija, hapa kambini au siku mtakaporudi nyumbani, ulizeni kabla ya kushika jembe. Ni siku ngapi? Ujira kiasi gani, na kwa bei za leo sokoni unanunua kilo ngapi za unga? Malipo ni tarehe gani? Na mjamzito, mzee au mgonjwa atapata nini? Majibu yasemwe mbele ya watu wote.



(Muziki)