Nyumba Mbili na Mto Mmoja

Katika mazungumzo haya twataka kusema juu ya kusoma Injili kwa macho mawili: jicho moja kitabuni, na la pili katika nchi tukaayo. Biblia nzima kwa Kiswahili ilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1891, na tafsiri ya Muungano, isomwayo na wengi hata leo, ilitoka mwaka 1952. Lakini kuwa na kitabu si kukifahamu. Mifano mingi ya Bwana Yesu ilitoka shambani, ziwani na jikoni. Basi na msomaji aanzie huko huko.

Tutwae kwanza Mikumi. Katika Yohana, sura ya 10, twasoma habari za mchungaji mwema na mtu wa mshahara. Kigiriki chataja mnyama mkali wa Ulaya na Asia ambaye hapatikani kwetu. Wafasiri wakaandika mbwa-mwitu. Mtu wa Mikumi, penye hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1964, hahitaji maelezo mengi. Ajua ya kuwa mbwa-mwitu huwinda kwa kundi, nao humfukuza mnyama mpaka achoke. Akilifikiri kundi kama hilo likiwajia kondoo, atafahamu mara moja kwa nini yule wa mshahara alikimbia, na jinsi lilivyo jambo kubwa kwamba mchungaji mwema hakimbii.

Sasa twende kaskazini mpaka Kilosa, penye mto Mkondoa. Mto huu hushuka kutoka milimani, hupita karibu na mji, kisha hutelemkia mbuga za Mkata, na maji yake huingia mto Wami hata baharini. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, hulifuata bonde lake kupanda bara. Mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mvua kubwa ilinyesha, mto ukafurika. Nyumba zilianguka, reli ikaharibika, na maelfu ya watu wakahama makwao. Wengi wakakaa kambini katika mahema.

Mtu wa Kilosa afunguapo Mathayo, sura ya 7, akasoma juu ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba na ile iliyojengwa juu ya mchanga, hasomi hadithi ya mbali. Lakini hapo pana hatari. Ni rahisi kumtazama jirani ambaye nyumba yake imeanguka, na kusema moyoni: Huyu ndiye mpumbavu wa mfano ule. Sivyo hata kidogo. Wengi hujenga bondeni kwa kuwa huko ndiko penye udongo mzuri wa kulima, na maji, na kiwanja wanachokiweza. Tena miti ikatwapo milimani, maji hutelemka kwa nguvu yakichukua udongo; mto hujaa mchanga, nao hufurika upesi. Basi pengine aliyekosa yuko mbali, na nyumba yake ni kavu.

Bwana Yesu mwenyewe alikwisha kuikataa hukumu ya namna hii. Katika Luka, sura ya 13, ataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akasema ya kuwa hawakuwa wakosaji kuliko wenzao. Kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawataka wao watubu.

Basi mfano wa nyumba mbili wafundisha nini? Tuangalie vema. Watu wote wawili walisikia maneno yale yale. Mvua ile ile iliwanyea wote wawili. Imani haikuuzuia mto usije kwa yule mwenye akili. Tofauti yao ni moja tu: mmoja alisikia akatenda, na wa pili alisikia akaacha. Luka, sura ya 6, aongeza ya kuwa yule wa kwanza alichimba chini sana. Kuchimba msingi ni kazi ya jasho, tena haionekani nyumba ikiisha. Hujulikana siku ya maji.

Kwa hiyo, siku ya mafuriko, anayejenga juu ya mwamba ni yule ampishaye jirani mahali pa kulala, ampaye unga, ashikaye jembe pamoja naye kutoa matope. Naye asimamaye penye nchi kavu akimhukumu mwenziwe, huyo amejenga juu ya mchanga, hata kama nyumba yake ni ya mawe. Wazee walisema: Aisifuye mvua imemnyea.

Jioni ya leo, taa ikiisha kuwashwa, isomeni tena sura ile. Wala tusiulize, Ni nani mpumbavu kijijini mwetu? Tuulize, Ni neno gani tulilolisikia zamani, ambalo hata leo hatujalitenda?