Mbu wa malaria wana majina: yakuhusu nini?

Msomaji, ukimpiga mbu ukutani humwulizi jina. Kwako mbu ni mbu. Lakini kwa wanaopigana na malaria katika milima ya Kisii na Nyamira, jina la mbu ndilo linaloonyesha ni kinga gani itafaa na ipi itakuwa kazi bure.

Utaratibu wa majina ya viumbe unaotumiwa na wanasayansi uliwekwa na Carl Linnaeus wa Uswidi katika miaka ya 1750. Kila kiumbe hupewa majina mawili: la kwanza ni la ukoo, la pili ni la aina yake. Mbu wanaoeneza malaria ni wa ukoo wa Anopheles. Ukoo huu una aina zaidi ya 400, lakini ni chache tu zinazoeneza ugonjwa huo, na ni jike pekee anayeuma, kwa kuwa anahitaji damu ili atage mayai.

Ukoo unaweza kuutambua mwenyewe. Anopheles akitua ukutani huinamisha kichwa na kuinua sehemu ya nyuma. Culex, mbu wa kawaida wa mitaro ya maji machafu, hulala sambamba na ukuta.

Ugumu uko ndani ya ukoo. Kwa miaka mingi Anopheles gambiae alidhaniwa kuwa aina moja. Kufikia miaka ya 1960 ilibainika kwamba hilo ni kundi la aina kadhaa zinazofanana mno, hata chini ya hadubini. Ili kumtenganisha gambiae na nduguye Anopheles arabiensis, maabara hulazimika kuchunguza chembe za urithi, na mguu mmoja tu wa mbu hutosha.

Tofauti yenyewe ni ya tabia. Gambiae hupenda damu ya binadamu na huuma zaidi ndani ya nyumba usiku wa manane, kwa hivyo chandarua chenye dawa humpata. Arabiensis hunywa damu ya ng'ombe pia, na mara nyingi huuma nje, watu wakiwa bado hawajalala. Vyandarua vilipoenea katika sehemu za magharibi mwa Kenya, gambiae walipungua na arabiensis wakawa ndio wengi.

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi hupunguza malaria, lakini kwa sababu hiyo miili ya wakazi wengi haijaizoea. Mkurupuko ukizuka, kama ule wa Gucha mwaka wa 1999, hata watu wazima huugua vibaya.

Ufanye nini basi? Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wakati wa baridi. Ukikaa nje jioni, vaa nguo ndefu zinazofunika mikono na miguu. Fukia mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, kwani mbu hawa hutaga katika vidimbwi vinavyopigwa na jua.

Na kumbuka kwamba homa nazo hufanana kama mbu. Malaria, homa ya matumbo na nimonia zote huanza kwa joto la mwili, na kila moja ina dawa yake. Usinunue dawa kwa kubahatisha. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, hasa ikiwa mgonjwa ni mtoto mchanga au mama mjamzito.