Katavi: Safari Hupangwa kwa Maji

Hifadhi ya Taifa Katavi, magharibi mwa Tanzania, ina zaidi ya kilomita za mraba 4,000, na bado unaweza kuzunguka kutwa usipishane na gari la wageni wengine. Iko mbali na njia kuu ya watalii ya kaskazini, tena mvua huzifunga barabara zake nyingi. Ndiyo maana mipango huanzia kwenye kalenda. Gari na malazi hufuata.

Mvua hunyesha takriban Novemba hadi Aprili. Ndani ya hifadhi, mbuga za Katavi na Chada hufurika, miombo hujaa vidimbwi, na mnyama hunywa popote alipo. Majani marefu humficha, na udongo mweusi hunasa hata gari imara.

Kuanzia Juni maji hupungua. Ifikapo Septemba na Oktoba, Mto Katuma hubaki na madimbwi machache, nayo huwakusanya wanyama wote. Viboko kwa mamia hubanana topeni, madume wakipigania nafasi. Mamba hujificha kwenye mapango ya kingo. Nyati na tembo hawana pengine pa kunywa, na simba wanalijua hilo. Umwagiliaji wa mashamba upande wa juu wa mto umezidisha uhaba huo, kwa hiyo kinachomfurahisha mgeni ni dhiki ya kiboko.

Mwenye siku mbili tu aende mwishoni mwa kiangazi, avumilie joto na vumbi. Mwenye siku nne au tano anaweza kuchagua Julai: hewa nzuri, lakini wanyama watamtaka subira.

Mji wa Mpanda, pa kuanzia safari ya hifadhini, hufikika kwa treni kutoka Tabora, kwa basi au kwa ndege. Barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga hupita Sitalike, penye makao makuu ya hifadhi, na viboko huonekana karibu na daraja la hapo. Ili kuingia ndani zaidi, kodini gari Mpanda, mchangiane gharama. Jazeni tangi, mbebe maji na tairi la akiba. Msivae bluu wala nyeusi, kwani rangi hizo huvuta mbung'o, ambao miomboni ni wengi. Anayetaka kutembea kwa miguu huongozana na askari mwenye bunduki.

Kabla ya kulipa chochote, wapigie watu wa Sitalike uwaulize: Katuma una maji kiasi gani wiki hii, na barabara zipi zinapitika? Jibu hilo lina uzito kuliko picha zote za matangazo.