Mji uliochomwa, timu iliyokataliwa: Bodø/Glimt na ubingwa wa 2020



Mwezi huu ukurasa wa michezo hauzungumzii Simba na Yanga, wala timu za Uingereza ambazo kila mtu hapa anazijua kuliko shamba lake. Tunakwenda Norwei, kule juu kabisa kwenye baridi. Baadhi ya familia zilizotoka kambi za ukanda wetu zilipokelewa nchi hiyo, na vijana wengi huuliza: huko nako wanacheza mpira kweli? Wanacheza. Tena msimu wa 2020 walicheza mpira ambao hawajausahau mpaka leo.

Timu yenyewe inaitwa Bodø/Glimt. Bodø ni mji wa kaskazini, wa watu kama elfu hamsini hivi. Mwezi wa sita jua halizami, usiku ni mweupe kama mchana. Desemba nako jua halionekani mjini kwa siku kadhaa. Hebu fikiria mtoto wa huko anajifunza mpira wapi! Uwanja wao, Aspmyra, ni mdogo, unaingiza watu kama elfu nane, na nyasi zake ni za bandia maana za kweli zingekufa kwa barafu.

Lakini kabla ya mpira kuna jambo lililotugusa sisi waandishi. Tarehe 27 Mei 1940, wakati wa vita kuu ya pili, ndege za Wajerumani ziliupiga mji huo kwa mabomu. Zaidi ya nyumba 400 ziliteketea na maelfu ya watu wakabaki bila pa kulala. Jirani yao Sweden akawasaidia kujenga nyumba, na mtaa ule unaitwa mtaa wa Waswidi mpaka leo. Kumbe wazungu nao walilala nje wakisubiri jirani awape paa! Mzee mmoja wa hapa, tulipomsomea habari hii, alitikisa kichwa tu, akasema, “Basi hao wanatujua.”

Turudi kwenye mpira. Kwa miaka mingi timu za kaskazini hazikuruhusiwa kupanda ligi kuu. Wakubwa wa mpira wa kusini walisema ni mbali, tena kiwango chao ni cha chini. Mlango ulifunguliwa mwaka 1972, na hata hapo ulifunguliwa nusu: mabingwa wa makundi ya kusini walipanda moja kwa moja, lakini wa kaskazini alilazimika kucheza mechi nyingine za mchujo. Mwaka 1975 Bodø/Glimt walichukua kombe la Norwei wakiwa bado daraja la pili! Walipanda baada ya msimu wa 1976, na mwaka 1977 wakashika nafasi ya pili katika ligi kuu. Tujiulize basi, kiwango cha chini kilikuwa cha nani?

Hata hivyo maisha hayakunyooka. Walishuka, wakapanda, wakashuka tena. Mwaka 2010 klabu ilikaribia kufilisika kabisa. Ni wenyeji walioinusuru, hadi watu wakakusanya chupa tupu na kuzirudisha dukani ili wapate visenti vya kuipa timu. Mwaka 2016 wakashuka daraja kwa mara nyingine.

Hapo ndipo mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 2017 walipanda tena, na mwaka 2018 Kjetil Knutsen akawa kocha mkuu. Klabu ilikuwa pia imemwita Bjørn Mannsverk, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita, awafundishe wachezaji kutuliza akili. Jamani, rubani kwenye mpira! Fundisho lake lilikuwa jepesi kulisema, gumu kulifanya: usiwaze matokeo, waza kazi iliyo mbele yako sasa. Wakifungwa bao, wachezaji wanakusanyika duara na kuzungumza kabla ya kuendelea. Hakuna kufokeana wala kunyoosheana vidole. Timu zetu za hapa, zinazogombana dakika ya kwanza tu ya kufungwa, zingejaribu.

Mwaka 2019 wakawa wa pili. Ukaja 2020 na korona yake. Ligi iliyopaswa kuanza Aprili ilianza tarehe 16 Juni, viwanja karibu vitupu. Timu zilikuwa 16, kila moja mechi 30. Bodø/Glimt walishinda mechi 26, wakatoka sare tatu, wakafungwa moja tu. Mabao waliyofunga ni 103! Walimaliza na pointi 81, na Molde waliowafuata walikuwa na 62. Rosenborg, wakubwa wa nchi hiyo wenye mataji 26, walikuwa nafasi ya nne.

Wadenmaki wawili ndio waliotesa zaidi: Kasper Junker mabao 27, na Philip Zinckernagel mabao 19. Kijana wa mji wenyewe, Jens Petter Hauge, alifunga 14 halafu akaondoka katikati ya msimu. Ilikuwa hivi: Septemba walikwenda Italia kucheza na AC Milan, wakafungwa 3-2 kwa taabu, Hauge akafunga bao moja. Siku chache baadaye Milan wakamnunua. Alipoondoka timu haikuyumba. Katikati ya uwanja alibaki Patrick Berg, ambaye baba yake Ørjan aliichezea klabu hiyo, na babu yake Harald alikuwamo katika kikosi cha kombe la 1975. Ukoo mmoja, jezi moja ya njano.

Tarehe 22 Novemba 2020 waliifunga Strømsgodset 2-1 ugenini, na ubingwa ukawa wao mechi tano zikiwa bado. Hakuna timu ya kaskazini iliyowahi kuupata kabla yao. Waliuchukua tena 2021, 2023 na 2024. Oktoba 2021 waliipiga Roma 6-1, na mwaka 2025 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Ulaya, ambako Tottenham iliwatoa.

Jambo moja tumebaki nalo la kuchekesha. Mashabiki wa Bodø/Glimt hubeba uwanjani mswaki mkubwa wa njano, mrefu kama mtu. Ndiyo, mswaki wa meno! Wenye ndugu Norwei, mkiwapigia simu waulizeni kama wameuona, halafu mtuletee jibu ofisini kabla ya toleo lijalo.