Mhina Chini ya Mwarobaini

Vikundi vya akina mama wa Sangailu na Hulugho mmetuuliza: je, mhina utaota uani, penye kivuli cha mwarobaini? Utaota, lakini si popote.

Sisi wenyewe tulikosea. Tulipanda karibu na shina, eti miche isichomwe na jua. Ikarefuka, ikawa myembamba kama fimbo za kuchungia, maua hakuna, na hina yake ilipopakwa ikatoa rangi ya chai ya maziwa. Rangi hutokana na jua na joto. Kivuli kingi huipunguza. Tena mizizi ya mwarobaini hunyang'anya maji.

Basi pandeni upande wa mashariki, nje ya matawi, mche upate jua la asubuhi mpaka adhuhuri. Loweka mbegu siku kadhaa ukibadilisha maji, zioteshe kitaluni, halafu hamisha mvua ya Gu ikianza, Machi au Aprili. Vipande vya matawi, unene wa penseli, navyo hushika. Shimoni tia samadi. Mvua ikikatika, mche mchanga utanyweshwa yale maji ya kutawadhia. Bila ua wa miiba usijisumbue, mbuzi hawana subira!

Baada ya mvua utaona maua madogo meupe, na harufu yake wee, nyuki watakuja wenyewe. Majani yakaushwe kivulini, kisha yatwangwe.

Ile "hina nyeusi" ya dukani mara nyingi imechanganywa na dawa ya nywele, nayo imewachoma watu ngozi. Ya uani haina dawa hiyo.