Msaidizi asigeuke mchezaji

Wazee wa bao walijua zamani: anayewasha taa ili kete zionekane si sawa na anayenyoosha mkono akazicheza kete za mwenziwe. Tofauti hiyo ndiyo inayowashughulisha leo wanaopigana vita vya kwenye kompyuta.

Chukua mchezo wa Beyond All Reason, unaotolewa bure na unaofuata nyayo za Total Annihilation wa mwaka 1997. Humo hakuna kungojana zamu. Mchezaji achimbe madini, azalishe nishati, ajenge viwanda na aongoze majeshi ya mashine, yote kwa wakati mmoja. Na adui naye hatulii. Macho mawili hayatoshi.

Hapo ndipo ilipo faida ya wijeti, yaani viprogramu vidogo vya kuongezea mchezo. Huandikwa kwa Lua, lugha ya kompyuta iliyozaliwa Brazili mwaka 1993, na jina hilo kwa Kireno maana yake ni mwezi. Waama humulika. Moja huonyesha mjenzi aliyekaa bure. Nyingine huchora duara, ukajua kombora la mzinga hufika wapi.

Kuzipata si taabu. Nyingi huja na mchezo wenyewe: bonyeza F11, orodha ifunguke, uchague ya kuwasha na ya kuzima. Iliyoandikwa na mchezaji mwenzio huwekwa katika folda ya Widgets, iliyo ndani ya LuaUI. Lakini haraka haraka haina baraka. Washa moja moja, ujaribu kwanza kwa kupambana na kompyuta, maana mchezo ukibadilishwa wijeti ya zamani yaweza kukwama. Na zikirundikana, skrini hujaa zikakuziba macho badala ya kukufumbua.

Wijeti haioni ila kile ambacho mwenyewe unaruhusiwa kuona. Ugomvi uko kwingine: ziko zinazotoa amri zenyewe. Wengine husema huko ni kupunguziwa kazi ya vidole tu. Wengine husema ni dhuluma, kwani mpinzani hapigani tena na mtu. Kwa hiyo mwenye kuandaa pambano anaweza kuzuia wijeti za nje, zikabaki zilizokuja na mchezo.

Alhasili, kabla ya kuwasha, jiulize: hii yanionyesha, au yanichezea? Kisha waulize na wenzio. Ushindi wenye ladha ni ule ambao mpinzani akijua ulivyoupata, bado atakupa mkono.