Mashine ya zamani haizimi ghafla

Leo siandiki siasa wala bei ya unga. Naandika mashine ya boti, kwa sababu mwezi uliopita ilikaribia kuniingiza katika deni ambalo nisingeweza kulilipa.

Nilikuwa nikimleta shangazi yangu kutoka Kipungani kuja hospitali mjini Lamu. Alikuwa na siku mbili hali kitu, presha imepanda, na wanawe wakaona wasingoje hadi asubuhi. Tulitoka baada ya alasiri, maji yameshaanza kutoka, watu sita ndani ya mashua ya marehemu babangu, Mungu amrehemu. Nyuma imefungwa mashine ya nguvu za farasi 15, ya petroli na oili, ambayo ni kongwe kuliko mwanangu wa kwanza. Tulipoipita Matondoni kidogo, mashine ikabadili sauti, ikawa kama mtu anayetafuna mchanga, kisha ikazima. Nikavuta kamba. Haikuja. Kuwaka ni jambo jingine. Kamba yenyewe ilikataa kuvutika, kana kwamba imefungwa kwenye mwamba.

Upepo ulikuwepo, mzuri tu. Tanga halikuwepo. Mlingoti, foromali na tanga viko nyumbani ukutani tangu tuliponunua mashine, kwa sababu vinabana nafasi ya abiria. Tukashika upondo mmoja na kasia moja, mikoko huku na huku, maji yanazidi kukupwa, na shangazi amelazwa kwenye magunia akisoma nyiradi zake kwa sauti ya chini. Karibu saa nzima ilipita ndipo wavuvi wakatuona, wakatutupia kamba na kutukokota hadi mjini. Shangazi alitibiwa na alhamdulillahi yu salama. Lakini usiku ule nimekaa nje ya wodi, jambo moja lilinikereketa: mashine ile ilikuwa imenipa habari siku nne kabla.

Kila mwenye mashine ya nyuma anaujua ule mchirizi mdogo wa maji unaoruka ubavuni. Ule ndio ulimi wake. Chini kabisa, ndani ya mguu wa mashine, kuna impela, kigurudumu kidogo cha mpira chenye mapezi. Kikizunguka hunyonya maji ya bahari na kuyapandisha juu yazunguke silinda na kuzipoza, kisha yatoke. Mchirizi ukiwa na nguvu, maji yanafika. Ukilegea, kuna kitu. Wangu ulilegea tangu Jumatatu, nami kila siku nikisema kesho.

Nilimpelekea fundi wangu, mzee ambaye amefungua mashine nyingi kuliko vitabu nilivyofungua mimi. (Diploma yangu ni ya uhasibu. Haikunisaidia chochote siku ile.)

"Ilikuwa inakojoa vipi?" akaniuliza.

"Kidogo kidogo, mzee."

"Tangu lini?"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza, akachukua spana.

Alipoifungua tulikuta mapezi matatu kati ya sita yamekatika, na kipande kimoja kimekwenda kukwama kwenye njia ya maji. Juu, kuzunguka silinda, chumvi ilikuwa imeganda nyeupe mithili ya chokaa ya ukutani. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Mashine inapozimwa, maji yaliyobaki kwenye vijia vyake hukauka na chumvi ikabaki. Kesho tabaka jingine, keshokutwa jingine, mpaka njia ya upana wa kidole inakuwa ya unene wa njiti ya kiberiti. Impela nzima hata ingekuwepo, ingesukuma maji wapi? Joto likapanda, pistoni ikatanuka ikashikana na silinda. Ndiyo maana kamba haikuja. Bahati yangu ni kwamba nilipoona haivutiki niliiacha. Ningeilazimisha kwa nguvu ningekuwa leo naandika habari ya kuuza chuma chakavu.

Dawa ya chumvi inajulikana: baada ya safari, iwashe mashine dakika kumi ndani ya pipa la maji matamu, maji yawe juu ya lile bamba bapa lililo juu ya panga. Tatizo ni kwamba ushauri huo umeandikwa na watu wenye bomba nje ya nyumba. Visiwani kwetu kuna vijiji vinavyongoja mvua ijaze djabia, na visima vingi vina maji ya munyu. Mwambie mama anayehesabu ndoo kwamba pipa zima ni la kuosha mashine, uone atakavyokutazama. Ninavyofanya mimi sasa ni hivi: pipa ni moja, maji ni yaleyale kwa juma zima, kisha namwaga na kutia mengine. Hata ya kisima yenye munyu kidogo si sawa na ya bahari. Si ukamilifu, lakini ni tofauti kati ya mashine kuishi na kufa.

Impela yenyewe ilikuwa na miezi saba tu. Niliinunua Mombasa, dukani, kwenye pakiti yenye jina kubwa na rangi zinazofanana na za halisi. Fundi aliikunja baina ya vidole viwili ikalia kama mkate mkavu. Ya halisi hukunjika na kurudi. Hapo ndipo penye uchungu mkubwa wa mashine za zamani: kadiri umri wake unavyozidi ndivyo vipuri halisi vinavyoadimika na vya bandia vinavyojaa. Si Lamu peke yetu. Evinrude, jina lililoanza kuuza mashine za nyuma huko Marekani mwaka 1909, walisimamisha utengenezaji mwaka 2020. Jina lenye zaidi ya miaka mia moja, na likafika mwisho. Kwetu wengi tumesalimika kwa kuwa mashine aina moja zimezagaa, na ikifa ya jirani unainunua maiti yake ukate viungo. Mimi ninayo moja chini ya ngazi. Mke wangu ameshaacha kuuliza.

Kazi ya kufungua tu ilikula siku mbili, kwa sababu ya bolti nne. Mwili wa mashine ni aluminiamu, bolti ni chuma, na baina yao maji ya chumvi. Metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi huzaa umeme mdogo, na ile dhaifu huliwa. Unga mweupe unajaa kwenye nyuzi za bolti mpaka zinashikana kama zimechomelewa. Mtengenezaji aliliona hilo, akaweka kipande cha zinki chini ili kiliwe hicho badala ya mashine. Sasa sisi tukipaka mashine rangi mpya kabla ya Idi tunakipaka na hicho zinki, na kikishafunikwa rangi hakina kazi tena. Cha kwangu kilikuwa na rangi mara tatu. Kinatakiwa kiwe kitupu, na kikiliwa nusu kibadilishwe. Fundi alizitia bolti oili, akazipasha moto, akazigonga taratibu, akaziacha zilale. Tatu zilikubali. Ya nne ilikatika kichwa, ikabidi kutoboa.

Mengine ni madogo ila yanaua. Mchanganyiko: kwa mashine kama yangu ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani 400 kwa mtungi wa lita 20. Tunapima kwa jicho na kwa kifuniko cha chupa. Oili ikipungua pistoni inakauka. Ikizidi plagi zinajaa masizi na asubuhi unavuta kamba hadi bega linauma. Petroli iliyolala mtungini tangu kusi ilipoanza huacha utando wa gundi kwenye vitundu vya kabureta. Mshipi wa kuvulia ukijizungusha nyuma ya panga hukata mpira unaozuia maji. Ukifungua oili ya gia ukaiona nyeupe kama chai ya maziwa, ujue maji yameshaingia. Na mashine ndogo zenye pini ya panga: pini ile imewekwa ivunjike panga likigonga fungu, gia zisalimike. Tukiikosa tunatia msumari. Msumari hauvunjiki. Zinavunjika gia.

Na mashua nayo ina lawama zake juu yangu. Babangu aliijengesha kwa ajili ya tanga. Upepo hulisukuma tanga, mlingoti ukasukuma, na nguvu ikaenea kwenye mkuku na mataruma. Mashine inasukuma mahali pamoja tu, kwenye shetri, na kutikisa kutwa nzima. Kila msimu pamba ya kalafati inatoka pale nyuma kwanza, misumari inalegea, na ngama inajaa. Naipandisha mchangani, fundi anagonga pamba upya, tunaichoma chini kwa makuti kuua wadudu, tunapaka shahamu. Ubao mmoja ukioza ndipo hesabu inapochachamaa, maana tangu serikali iliposimamisha kwa muda ukataji miti katika misitu mwaka 2018 mbao nzuri tunaitafuta kama dawa.

Kaka yangu aliye Mombasa anasema tuuze vyote, tununue boti ya faiba na mashine ya kisasa isiyochanganywa oili. Si mpumbavu. Mashine hizo zinakula mafuta kidogo na hazitoi moshi, na mtu anayebeba abiria kila siku kwa nauli, akiweza kuzipata, azichukue. Maisha ya watu si ya kubahatisha. Sisi tunasafiri labda mara mbili kwa wiki. Nimepiga hesabu, na hiyo ndiyo kazi niliyosomea: bei ya mashine mpya pekee ingenitengenezea hii kwa miaka mingi, nayo kila fundi kisiwani anaweza kuifungua kwa spana chache. Kwa hivyo nimeibakisha, na kaka amenikasirikia kidogo.

Impela halisi ilikuja kwa basi hadi Mokowe siku ya Ijumaa. Jumamosi mashine ikawaka, mchirizi ukaruka hadi ukamlowesha fundi kanzu, naye akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Jumapili nikaenda kumchukua shangazi nimrudishe kwake. Alisimama kwenye ngazi za gati, bakora mkononi, akaitazama mashua kutoka omo hadi shetri.

"Mwanangu, tanga mmetia?"

Nikamwambia tumetia, ingawa pembe moja imeliwa na panya. Akataka alione. Nikafunua turubai akaliona limekunjwa, na mlingoti umelazwa ubavuni. Ndipo akanipa mkono ateremke, akaenda moja kwa moja akakaa juu yake, na hakuondoka hapo mpaka Kipungani.